Sheria za mishahara ya walimu wa shule za awali katika majimbo ya Marekani

Sheria za mishahara ya walimu wa shule za awali katika majimbo ya Marekani ni sheria zinazotungwa na mabunge ya majimbo ili kuweka kiwango ambacho mwalimu anayefundisha watoto wa umri wa chini ya miaka mitano hapaswi kulipwa chini yake. Hakuna sheria moja ya taifa zima kuhusu jambo hili. Kila jimbo limepita njia yake: mengine yamewaingiza walimu hao katika jedwali la mishahara la shule za umma, mengine yameweka mshahara kuwa sharti la ruzuku, na mengine hayakufanya lolote zaidi ya kima cha chini cha kawaida kinachowahusu wafanyakazi wote.

Mwaka 2022 takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani zilionyesha kwamba mshahara wa kati wa mwalimu wa shule ya awali ulikuwa dola 35,330 kwa mwaka, yaani karibu dola 17 kwa saa. Kwa walimu wa kindagateni (darasa la watoto wa miaka mitano, ambalo huko ndilo la kwanza shuleni) na wa shule za msingi ulikuwa dola 61,620. Mtoto anayefundishwa na mwalimu wa kwanza mwezi Mei ndiye huyohuyo anayepokewa na mwalimu wa pili mwezi Septemba. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha sheria zinazoelezwa katika makala hii.

Mamlaka ya jimbo na ya taifa

Katika Marekani elimu ni jukumu la majimbo, si la serikali kuu. Msomaji wa Kenya atalielewa jambo hili kwa urahisi, maana tangu Katiba ya 2010 elimu ya chekechea nchini mwake ni jukumu la kaunti. Hata hivyo kazi na ujira vinaguswa pia na sheria za taifa. Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938 ndiyo inayoweka kima cha chini cha taifa, na mwaka 1972 Kongamano (bunge la taifa) lilipanua sheria hiyo ili iguse shule za awali waziwazi. Kima hicho ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Jimbo linaweza kuweka kiwango cha juu zaidi, na mengi yamefanya hivyo. California, kwa mfano, ilifika dola 16 mwaka 2024. Georgia kwa upande wake bado ina dola 5.15 katika vitabu vyake vya sheria, hivyo wafanyakazi wengi wa huko hulindwa na kiwango cha taifa.

Ndani ya sheria hiyo ya 1938 kuna jambo ambalo huwashangaza wanaoisoma kwa mara ya kwanza. Walimu wamewekwa katika kundi la wataalamu ambao hawalindwi na kima cha chini wala na malipo ya saa za ziada. Kanuni zinawataja hata walimu wa watoto wa chekechea, mradi wafanye kazi katika taasisi ya elimu inayotambuliwa na kazi yao kuu iwe kufundisha. Yule ambaye kazi yake kuu ni kulea, kulisha na kulaza watoto hubaki chini ya ulinzi wa kima cha chini. Kwa hiyo mtu anaweza kupanda cheo akaitwa mwalimu na papo hapo akapoteza kinga aliyokuwa nayo alipokuwa mlezi. Ni wazi kwamba waliotunga kanuni hiyo walimfikiria mwalimu wa shule ya umma mwenye mkataba na chama cha wafanyakazi, si mwalimu wa kituo kidogo katika chumba cha chini cha kanisa.

Majaribio ya kulimaliza suala hili katika ngazi ya taifa hayakufanikiwa. Mwaka 1971 Kongamano lilipitisha mswada wa maendeleo ya watoto uliosimamiwa na Seneta Walter Mondale na Mbunge John Brademas, ambao ungejenga mtandao wa vituo nchini kote. Rais Richard Nixon aliukataa tarehe 9 Desemba mwaka huo. Nusu karne baadaye, Novemba 2021, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada mkubwa wa Rais Joe Biden uliodai walimu wa awali walipwe sawa na wenzao wa shule za msingi wenye sifa zinazolingana. Mswada huo ulikwama katika Seneti. Hivyo kazi ikabaki kwa majimbo.

Kwa nini kima cha chini peke yake hakitoshi

Katika kiwanda, mwajiri anayelazimishwa kupandisha ujira anaweza kutafuta mashine bora ili kila mfanyakazi atoe mali nyingi zaidi. Katika darasa la watoto wadogo hilo haliwezekani, maana sheria za usalama zinaweka idadi ya watoto ambao mtu mzima mmoja anaruhusiwa kuwasimamia. Sheria hizo ni za lazima na hakuna mtu mwenye busara anayetaka ziondolewe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwalimu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 52, hufanya saa 2,080 kwa mwaka. Akiongezwa dola 5 kwa saa, gharama ni dola 10,400. Ikiwa anasimamia watoto 10 wa miaka minne na nyongeza yote inatoka katika ada, kila mzazi ataongeza dola 1,040 kwa mwaka, karibu dola 87 kwa mwezi. Ikiwa ni mlezi wa watoto wachanga wanne, kila mzazi ataongeza dola 2,600, karibu dola 217 kwa mwezi. Hapo hatujahesabu kodi ya ajira wala bima. Wazazi wa watoto wachanga kwa kawaida ni vijana ambao mishahara yao wenyewe bado ni midogo, na ndio wanaobebeshwa mzigo mkubwa zaidi.

Ndiyo maana swali la nani atalipa limekuwa zito kuliko swali la kiasi gani. Sheria inayotaja kiwango bila kutaja mfuko huishia katika moja ya mambo matatu: ada kupanda, kituo kufungwa, au wafanyakazi kupunguziwa saa. Sheria zilizodumu ni zile zilizoanza na mfuko.

Upande wa pili wa hesabu hiyo nao umejulikana kwa muda mrefu. Utafiti wa kitaifa kuhusu watumishi wa vituo vya kulelea watoto, ulioongozwa na Marcy Whitebook na kuchapishwa 1989, ulikuta kwamba ujira wa wastani ulikuwa dola 5.35 kwa saa na kwamba asilimia 41 ya wafanyakazi waliacha kazi katika mwaka mmoja. Kwa mtoto wa miaka mitatu hii ina maana ya kuzoea sura mpya kila mara. Matokeo ya utafiti huo yalichochea kampeni ya ujira stahiki iliyoanzishwa na walimu wenyewe mwaka 1991.

Oklahoma: kuingia katika jedwali la shule za umma

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Oklahoma, na inafaa kuueleza kwa kirefu kwa sababu jimbo hilo si tajiri wala si la mrengo wa kushoto.

Jimbo lilianza na madarasa machache ya majaribio mwaka 1980, kisha mwaka 1990 likafungua nafasi kwa watoto wa miaka minne wa familia maskini. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba baadhi ya wilaya za shule, hasa za vijijini zilizopungukiwa na wanafunzi, zilikuwa zikiwaandikisha watoto wa miaka minne katika kindagateni ili zipate fedha za jimbo zinazotolewa kwa kila mwanafunzi. Watoto hao walikaa darasa moja na wa miaka mitano, wakifundishwa mambo yasiyowafaa. Mbunge Joe Eddins wa Vinita, aliyewahi kuwa mwalimu wa biolojia, aliandaa mswada wa kuziba mwanya huo. Ndani ya marekebisho yaliyoonekana kuwa ya kihasibu tu aliweka pia mpango wa darasa la awali kwa kila mtoto wa miaka minne ambaye mzazi wake anataka. Gavana Frank Keating, wa chama cha Republican, alitia saini mwaka 1998. Inasemekana wabunge wengi hawakutambua ukubwa wa jambo walilolipigia kura.

Kwa upande wa mishahara, sheria hiyo haikuweka kiwango kipya. Ilitaka tu kwamba mwalimu wa darasa hilo awe na shahada ya kwanza na cheti cha elimu ya watoto wadogo, na awe mwajiriwa wa wilaya ya shule. Kwa kuwa ni mwajiriwa wa wilaya, akaingia moja kwa moja katika jedwali la kima cha chini ambalo jimbo limewawekea walimu wote kwa kufuata elimu na miaka ya kazi. Darasa haliruhusiwi kuzidi watoto 20, na mtu mzima mmoja hasimamii zaidi ya 10. Hata pale wilaya inapokubaliana na kituo cha Head Start (mpango wa serikali kuu kwa watoto wa familia maskini) au kanisa kuendesha darasa katika jengo lao, mwalimu hubaki kuwa wa wilaya.

Nguvu ya mpangilio huo ilionekana mwaka 2018. Kima cha chini cha mwalimu anayeanza kazi mwenye shahada ya kwanza kilikuwa dola 31,600, na walimu walikuwa wakihamia majimbo jirani, hasa Texas. Kikwazo kilikuwa katiba ya jimbo: tangu kura ya wananchi ya mwaka 1992, bunge haliwezi kupandisha kodi bila robo tatu ya kura katika kila nyumba. Walimu wakatangaza kugoma. Siku chache kabla ya tarehe ya mgomo bunge lilipitisha kodi mpya za sigara, mafuta ya magari na uchimbaji wa mafuta na gesi, na Gavana Mary Fallin akatia saini nyongeza ya wastani wa dola 6,100 kwa mwalimu. Kima cha anayeanza kikawa dola 36,601. Walimu hata hivyo walitoka madarasani tarehe 2 Aprili na kukaa nje siku tisa za shule wakidai fedha zaidi za vitabu na majengo.

Katika mjadala wote huo mwalimu wa darasa la awali hakuhitaji kutajwa kwa jina. Alipata nyongeza siku ileile na kwa kiasi kilekile kama mwalimu wa hesabu wa sekondari, kwa kuwa jina lake lilikuwa tayari katika jedwali tangu miaka 20 iliyopita. Walezi wa watoto wa miaka miwili katika vituo binafsi vya Oklahoma, ambao hawamo katika jedwali hilo, hawakupata kitu.

New Jersey: mahakama kwanza, sheria baadaye

Huko New Jersey mabadiliko yalianzia mahakamani. Katika mfululizo wa hukumu zijulikanazo kwa jina la Abbott dhidi ya Burke, Mahakama Kuu ya jimbo iliamua mwaka 1998 kwamba wilaya maskini zaidi za mijini, wakati huo 28 na baadaye 31, ni lazima zitoe elimu ya awali bora kwa watoto wa miaka mitatu na minne. Mwaka 2000 mahakama ikafafanua ubora huo ni nini: watoto wasiozidi 15 katika darasa, na mwalimu mwenye shahada na cheti. Walimu waliokuwa kazini bila shahada walipewa hadi Septemba 2004 kuipata, na jimbo likawalipia masomo.

Wilaya hazikuwa na vyumba vya kutosha, kwa hiyo madarasa mengi yaliwekwa katika vituo binafsi na vya Head Start vyenye mkataba na wilaya. Hapo ndipo tatizo la mishahara lilipojitokeza kwa namna ambayo mwalimu yeyote angeweza kuitabiri. Mtumishi wa kituo alisoma jioni kwa miaka, akapata shahada kwa fedha za jimbo, kisha akahamia shule ya umma mtaa wa pili iliyolipa zaidi kwa kazi ileile. Kituo kilichomvumilia akiwa mwanafunzi kikaanza upya na mtu mwingine. Jimbo lililazimika kuongeza fedha katika mikataba ili vituo viweze kulipa kama shule za umma zinavyowalipa walimu wao. Mwaka 2008 bunge la jimbo lilitunga sheria mpya ya kugharimia shule ambayo iliufanya mpango huo kuwa sehemu ya hesabu za kawaida na kuruhusu uenezwe katika wilaya nyingine.

Georgia na New Mexico

Georgia ilitumia bahati nasibu. Gavana Zell Miller aliwashawishi wapiga kura waikubali ili mapato yake yaende kwenye elimu, na kuanzia 1995 darasa la awali lilifunguliwa kwa kila mtoto wa miaka minne. Sehemu kubwa ya madarasa iko katika vituo binafsi, na jimbo hupanga fedha za mshahara kufuatana na cheti cha mwalimu. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa chini ya kile cha walimu wa shule. Bajeti iliyopitishwa mwaka 2024 chini ya Gavana Brian Kemp ililenga kuwaweka katika ngazi moja na walimu wa shule za umma na kupunguza darasa hatua kwa hatua kutoka watoto 22 hadi 20. Jimbo lenye kima cha chini cha kawaida cha dola 5.15, basi, limekuwa miongoni mwa yale yaliyokwenda mbali kwa walimu wa awali, mradi wawe walimu wa watoto wa miaka minne.

New Mexico ina ardhi ya umma yenye mafuta na gesi, na mapato yake huwekwa katika mfuko wa kudumu. Novemba 2022 karibu asilimia 70 ya wapiga kura walikubali katiba ibadilishwe ili asilimia 1.25 zaidi ya mfuko huo itolewe kila mwaka, sehemu kubwa ikienda kwa elimu ya watoto wadogo. Mwaka huohuo bunge liliweka kima cha chini cha walimu wenye leseni katika madaraja matatu: dola 50,000, 60,000 na 70,000. Mwalimu wa awali mwenye leseni katika shule ya umma yumo. Kwa walio katika vituo vya kijamii jimbo limeanzisha fedha maalumu za kuziba pengo, na limeunganisha viwango vya juu vya ruzuku na ujira ambao kituo kinakubali kuwalipa watumishi wake.

Washington, D.C.: kutoka umri wa kuzaliwa

Washington, D.C. si jimbo, ila baraza lake la mji hutunga sheria kama bunge la jimbo. Mji huo ulikuwa umeshatoa elimu ya awali ya bure kwa watoto wa miaka mitatu na minne chini ya sheria ya 2008. Matokeo yake yalikuwa na upande mchungu kwa vituo: watoto wakubwa, ambao ni nafuu kuwahudumia kwa kuwa mtu mmoja husimamia wengi, walikwenda shule za umma, na vituo vikabaki na wachanga ambao gharama yao ni kubwa.

Mwezi Desemba 2016 mamlaka ya elimu ya mji ilitoa kanuni inayowataka walimu viongozi wa madarasa katika vituo wawe na angalau shahada ya miaka miwili ya chuo. Kanuni hiyo ilipingwa mahakamani na ikathibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2022. Malalamiko ya walimu, ambao wengi ni wanawake weusi na wahamiaji wenye uzoefu wa miaka mingi, yalikuwa ya haki: wanaambiwa wasome zaidi, na mshahara unabaki ulipokuwa. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu ilijibu kwa kuagiza walipwe sawa na walimu wa shule za umma za mji wenye elimu inayolingana. Kwa miaka mitatu agizo hilo lilibaki kwenye karatasi kwa kukosa fedha. Mwaka 2021 baraza lilipandisha kodi ya mapato kwa wanaopata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka na kuanzisha Mfuko wa Usawa wa Mishahara ya Walimu wa Watoto Wadogo.

Mwaka 2022 malipo yalikwenda moja kwa moja kwa watumishi: hadi dola 14,000 kwa mwalimu kiongozi na dola 10,000 kwa msaidizi. Kuanzia mwaka wa fedha 2024 fedha zilipitia kwa waajiri waliokubali kwa hiari kulipa viwango vilivyowekwa. Mwalimu kiongozi mwenye shahada ya kwanza hakupaswa kulipwa chini ya dola 75,103, na msaidizi asiye na cheti chochote hakupaswa kupata chini ya dola 43,865. Mji uliongeza pia bima ya afya nafuu au ya bure kwa watumishi hao. Taasisi ya utafiti ya Mathematica ilikadiria kwamba kufikia mwaka 2023 ajira katika vituo ilikuwa imezidi kwa karibu asilimia 7 kile ambacho kingekuwapo bila mfuko.

Kisha mapato ya mji yakapungua. Katika bajeti aliyoiwasilisha mwaka 2024 Meya Muriel Bowser alipendekeza mfuko ufutwe wote. Walimu walijaa katika vikao vya baraza, na baraza likarudisha dola milioni 70, pungufu ya zilizokuwapo mwaka uliotangulia. Mtumishi aliyekwisha kusaini mkataba wa nyumba kwa kutegemea mshahara wake mpya alijifunza hapo tofauti kati ya kiwango kilicho katika jedwali la kudumu na kile kinachopigiwa kura kila mwaka.

Hoja zinazopingana

Wapinzani wa sheria hizi si wote wenye roho mbaya, na hoja zao zinastahili kuelezwa. Wenye vituo vidogo husema kwamba ruzuku huja na makaratasi mengi ambayo kituo kikubwa kina karani wa kuyajaza, huku mama anayelea watoto sita nyumbani kwake akiyajaza usiku. Wapo wanaosema kwamba sharti la shahada huwaondoa wanawake wazee wenye mikono mizuri na watoto na kuwaingiza vijana wenye vyeti ambao wataondoka baada ya mwaka mmoja. Wengine huona kwamba fedha ileile ingewasaidia wazazi zaidi kama wangepewa mkononi wachague wenyewe, pamoja na wale wanaopenda mtoto abaki na bibi yake.

Hoja ya ndani zaidi inatoka kwa wanaoziunga mkono. Karibu sheria zote zilizofaulu zinamlinda mwalimu wa mtoto wa miaka minne na kumwacha mlezi wa mtoto wa mwaka mmoja. Jedwali la mishahara linapopandisha upande mmoja, wafanyakazi bora wa upande wa pili huvutwa huko, na watoto wachanga ndio wanaobaki na watu wanaopita. Washington, D.C. ilijaribu kuanzia chini, na ndiyo sababu mfano wake hufuatwa kwa karibu na majimbo mengine.

Msaada wa dharura wa serikali kuu wakati wa UVIKO-19 ulionyesha jambo hilohilo kwa muda mfupi. Sheria ya uokoaji ya mwaka 2021 ilitoa karibu dola bilioni 24 za kuvishikilia vituo visifungwe, na vingi vilizitumia kuongeza ujira. Fedha hizo ziliisha tarehe 30 Septemba 2023. Maine ni miongoni mwa majimbo yaliyotunga sheria ya kuendeleza nyongeza ya kila mwezi kwa fedha zake yenyewe. California ilifuata njia tofauti: sheria ya mwaka 2019 iliwaruhusu walezi wa majumbani wanaolipwa kwa ruzuku ya jimbo kuunda chama na kujadiliana na serikali kuhusu viwango.

Agosti 2024 serikali kuu ilitoa kanuni inayovitaka vituo vya Head Start viwalipe walimu wao mishahara inayokaribiana na ya walimu wa awali wa shule za umma za eneo lao ifikapo tarehe 1 Agosti 2031.

Afrika Mashariki

Mgawanyiko kati ya mwalimu wa umma na wa binafsi upo pia katika nchi zinazotumia Kiswahili. Nchini Tanzania mwalimu wa darasa la awali katika shule ya serikali hulipwa kwa ngazi za utumishi wa umma. Kwa shule binafsi, Waziri mwenye dhamana ya kazi hutangaza kima cha chini kwa kila sekta chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, na shule binafsi za awali, msingi na sekondari zina kiwango chao katika amri hiyo. Hakuna ruzuku inayoambatana nacho. Shule hulipa kutokana na ada.

Nchini Kenya walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, lakini wale wa chekechea huajiriwa na serikali za kaunti. Mwalimu wa chekechea na mwalimu wa darasa la kwanza wanaweza kufundisha katika uwanja mmoja, chini ya bendera moja, wakiwa na waajiri wawili.